Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: maelekezo ya dawa yamfikie mgonjwa mkononi, na yawe kwa Kiswahili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa (MSD). Na Msajili wa Baraza la Famasi.

Waheshimiwa,

Naandika barua hii nikiwa mtoa dawa katika duka la dawa muhimu, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 11 katika mji mdogo wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, baada ya kuwa muuguzi msaidizi kwa miaka kadhaa. Wateja wangu huniita dokta ingawa mimi si daktari. Nilipoanza nilikuwa nawasahihisha, lakini siku hizi nimeacha, kwa kuwa nimeelewa wanachokisema: kwamba kwa wengi wao mimi ndiye mtu wa kwanza, na mara nyingi ndiye wa mwisho, wa kuzungumza nao kuhusu dawa wanayokwenda kuimeza. Nikishawapa chenji yao na wakavuka barabara, hakuna tena wa kuwaambia lolote isipokuwa karatasi iliyomo ndani ya kasha, na karatasi hiyo haisemi lugha yao.

Ombi langu ni kwamba kila anayetumia dawa nchini Tanzania apate maelekezo yake kwa Kiswahili, yakiwa yameandikwa kwa namna inayoeleweka, na yamfikie mkononi. Hilo la kufika mkononi nalisisitiza, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka jana, masika yakiwa yanaishia, alifika dukani mzee mmoja wa rika la babu yangu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaweka bahasha ndogo ya dawa juu ya meza na kuisogeza kwangu kwa ncha ya kidole, kama mtu asiyetaka kuigusa.

"Mwanangu, hizi naomba unibadilishie. Zinaniua."

Ndani mlikuwa na vidonge vya metfomini, dawa ya kisukari aliyopewa hospitalini siku alipogundulika. Juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: 8 am, 8 pm, na pembeni herufi mbili, pc. Nilimuuliza anavimezaje. Akanieleza kwa utaratibu, bila kuficha kitu, kwamba mjukuu wake wa darasa la tano alimsomea kuwa ni nane na nane, naye akafuata kama alivyosomewa: kimoja saa nane mchana, kingine saa nane usiku. Jirani alimtegea hata kengele kwenye simu. Kwa wiki tatu mzee huyu alikuwa anaamka usiku wa manane, anameza kidonge tumbo likiwa tupu, kisha anakaa kitandani na kichefuchefu mpaka adhana ya alfajiri. Zile herufi pc, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya baada ya chakula, hakuna mtu nyumbani kwake aliyejua kuwa ni maelekezo. Walidhani ni saini ya daktari. Wiki ya nne aliona kwamba dawa haipatani naye, akaiacha. Nilipompima, kipimo cha sukari kilisoma 19, kiwango cha juu mno.

Waheshimiwa, mzee huyu hakukosea kitu. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na saa nane ya mchana ni wakati ambapo watu wa hapa wamekwisha kula na wanajinyoosha kivulini. Ukimwandikia mtu aliyelelewa katika lugha hii tarakimu 8, umemwandikia saa nane. Kosa limo katika kumwandikia mgonjwa kwa saa asiyoitumia na kwa vifupi vya lugha ambayo hakuna anayeizungumza hapa nchini, na wala simlaumu peke yake aliyeandika, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kama na mimi nilivyofundishwa.

Yako mengine mengi ambayo nimeyaona kwa macho yangu. Yuko mama aliyenunua amoksilini ya unga kwa ajili ya mtoto mwenye nimonia, ile ambayo humiminiwa maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka kwenye alama iliyochorwa kwenye chupa. Kwa kuwa alama hakuielewa, alijaza maji hadi shingoni ili dawa itoshe, na ilipobaki akaihifadhi rafuni kwa ajili ya mdogo wa mtoto huyo, ilhali dawa hiyo ikishachanganywa huharibika baada ya siku chache. Yuko pia dada aliyerudi kulalamika kwamba vidonge nilivyompa vimemkwaruza koo kwa ukubwa wake. Vilikuwa vidonge vya fangasi, vya kuweka ukeni. Hapo nilikosea mimi, kwa kuwa siku hiyo duka lilikuwa limejaa wanaume na niliona haya kutamka mbele yao, nikategemea kwamba kasha lenyewe litamweleza. Kasha lilimweleza kwa Kiingereza. Sijasahau uso wake alipoelewa, na tangu siku hiyo vidonge hivyo navitoa pamoja na kikaratasi nilichokiandika kwa mkono wangu.

Nimewahi kuikunjua karatasi ya dawa na kuitandaza mezani, nikaisoma yote nikiwa na kamusi. Ni karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, yenye herufi ndogo ambazo hata mwenye macho mazima huzisogeza kwenye mwanga. Nyingine zina Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, na nimeshakutana na zenye Kireno pia, maana mtengenezaji anajua kwamba mzigo uleule utauzwa katika nchi zenye lugha hizo. Lakini yaliyomo ndani yake si mambo ya daktari peke yake. Mna habari ambazo ndizo hasa mama wa nyumbani, mkulima na dereva wa bodaboda wangepaswa kuzijua. Mna habari kwamba mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli ya miligramu 500 kwa siku nzima ya saa 24, kwa sababu ini huumia kimyakimya. Na kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyohiyo ndani yake, hivyo anayemeza vyote viwili anajizidishia bila kujua. Mna habari kwamba doksisaiklini imezwe kwa glasi iliyojaa maji na mtu asilale papo hapo, la sivyo kidonge hukwama na kuchubua koo la chakula. Mna habari kwamba siprofloksasini haifai kumezwa pamoja na maziwa, kwa kuwa maziwa huizuia dawa isiingie mwilini. Mna onyo kwamba enalaprili, dawa ya presha iliyozoeleka, humdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuhusu diklofenaki naomba nikae kidogo, maana hapa kwetu hununuliwa kama pipi. Wanaokata miwa na wanaopalilia mpunga hurudi jioni wakiwa na maumivu ya mgongo na magoti, na wengi wao hununua vidonge viwili au vinne kila siku ya malipo, mwaka hadi mwaka. Nao wengi wana vidonda vya tumbo, au wana presha ambayo hawajawahi kuipima, au figo zao zimekwisha kuchoka kwa jua na kwa maji machache. Karatasi ya diklofenaki inawataja wote hao, mmoja baada ya mwingine: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shida ya figo, mjamzito wa miezi ya mwisho. Onyo limeandikwa waziwazi, limelipiwa wino na karatasi, limesafirishwa kwa meli kuvuka bahari, likakaguliwa bandarini, likafika mpaka kwenye rafu yangu, na hapo likakwama hatua moja kabla ya kumfikia mtu ambaye liliandikwa kwa ajili yake.

Hapa ndipo linapokuja lile nililosema nitalieleza. Hata mkiamuru leo kwamba karatasi zote ziwe za Kiswahili, nyingi hazitatoka dukani kwangu. Mteja wangu hanunui kasha. Kasha la stripu 10 lina karatasi moja tu, na mimi nalikata kwa mkasi: huyu nampa stripu moja, yule nampa vidonge sita, na yule mwenye shilingi 500 ananiomba nimfikirie. Dawa nyingine hufika katika makopo ya vidonge 1,000, nikavihesabu kwa kijiko na kuvitia kwenye bahasha. Jioni nikifunga duka, karatasi za maelekezo za siku nzima ziko chini ya meza yangu. Kwa hiyo naomba msinielewe kwamba nataka tafsiri tu ya karatasi iliyopo. Tafsiri ikifanyika bila kuangalia jinsi dawa inavyouzwa kwetu, tutakuwa tumehamisha lugha ya karatasi ambayo mgonjwa haioni.

Wakati huohuo, wako wanaomfikia mgonjwa kila siku bila shida yoyote. Siku ya gulio, gari lenye vipaza sauti huegeshwa karibu na stendi, na muuzaji wa dawa isiyo na usajili wowote huzungumza Kiswahili kitamu, chenye mifano ya shambani na ya jikoni, akiwaambia watu kwamba chupa yake hutibu presha, kisukari, nguvu za kiume, uzazi na vidonda vya tumbo kwa pamoja. Husema itumike vipi, asubuhi kabla ya chai, jioni kabla ya kulala, kwa siku ngapi, na arudi nani. Simu za wateja wangu zimejaa sauti za namna hiyo zinazotumwa kutoka kundi hadi kundi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo viongozi, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500 wakiamini kwamba kinatibu magonjwa sugu, na wapo waliokuwa kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ambao waliacha dozi zao. Kwa safari ile nimesikia watu wakidharauliwa, na mimi sikubaliani na dharau hiyo. Walipewa maelezo mafupi, kwa lugha yao, na mtu aliyewatazama usoni. Ninyi na mimi tulikuwa na ukweli mikononi, na ukweli wetu ulikuwa umekunjwa ndani ya kasha kwa lugha nyingine.

Sisemi kwamba Serikali haijui kuzungumza na watu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita kwenye redio na katika vikundi vya kusoma vijijini, na watu wapatao milioni 2 walikaa chini ya miembe wakajadili malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu kwa vitabu vya Kiswahili chepesi. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na mpaka leo anakumbuka kwamba maji ya kunywa huchemshwa mpaka yatokote, si mpaka yapate moto. Dawa mseto ya malaria ilipokuja kuchukua nafasi ya SP, dawa ya malaria iliyotumika kabla yake, kuanzia mwishoni mwa 2006, vipakiti vyake vilikuwa na michoro inayoonyesha vidonge vya kila wakati kwa siku tatu, kulingana na uzito wa mgonjwa. Naweza kushuhudia kwamba kati ya dawa zote ninazotoa, mseto ndiyo ninayoulizwa maswali machache zaidi watu wakishafika nyumbani. Pakiti ya sigara imebeba onyo la Kiswahili kwa miaka mingi. Chupa nyingi za dawa za kunyunyizia mahindi zinazouzwa duka la jirani zina maelekezo ya Kiswahili, pamoja na mchoro wa mtu aliyevaa glavu. Mtu anayepulizia viwavi jeshi shambani anaelezwa kwa lugha yake. Mtu huyohuyo akirudi nyumbani kumpa mwanawe dawa ya kikohozi, haelezwi.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, kwa hoja kwamba si haki mtu ahukumiwe kwa lugha asiyoielewa. Hoja hiyo niliipokea kwa moyo wote. Nilitegemea kwamba baada ya mahakama ingefuata meza ya dawa, kwa sababu wanaofika mahakamani ni wachache, na wanaomeza dawa ni sisi sote.

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba sehemu kubwa ya dawa zetu hutoka nje ya nchi na kwamba watengenezaji hawatakubali kuchapisha karatasi ya soko moja. Bohari ya Dawa yenyewe imekwisha kulijibu jambo hili. Dawa za Serikali huwekewa alama ya GOT, kifupi cha Kiingereza cha Serikali ya Tanzania, ili zisiibwe na kuuzwa mitaani, na alama hiyo huwekwa na watengenezaji kwa sababu mnunuzi mkubwa ameitaka. Anayeweza kutiwa sharti la kuchapa herufi tatu kulinda mali ya umma anaweza kutiwa sharti la kuchapa sentensi kumi za Kiswahili kulinda mwili wa mwananchi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeandika katika sheria yao ya dawa kwamba karatasi ya mgonjwa iwe katika lugha rasmi ya nchi ambamo dawa inauzwa, na kwamba jina la dawa liwekwe pia kwa nukta nundu juu ya kasha kwa ajili ya wasioona. Estonia ina watu wapatao milioni 1.3 tu, na dawa huuzwa huko zikiwa na karatasi ya Kiestonia. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tukiongeza majirani zetu, soko la Kiswahili si dogo hata kidogo. Tangu Machi 2012, ulipozinduliwa hapa nchini, mjini Arusha, mpango wa Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili wa dawa, mamlaka za nchi hizi hutathmini dawa kwa pamoja. Jalada linalopitiwa kwa pamoja linaweza pia kuwa na karatasi moja ya Kiswahili iliyokubaliwa kwa pamoja, ikatumika Moshi, Mombasa na Bujumbura. TMDA, ambayo Desemba 2018, ikiitwa bado TFDA, ilikuwa mamlaka ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, ina heshima ya kutosha kuliongoza jambo hilo.

Litasemwa pia kwamba Kiswahili hakina maneno. Nauliza, ni neno gani linalokosekana? Ini, figo, moyo, mimba, kunyonyesha, kizunguzungu, kutapika, upele, kuvimba uso, kukojoa damu, mapigo ya moyo kwenda mbio. Haya ndiyo maneno ya karatasi ya mgonjwa, na mteja wangu huyatumia yote ndani ya dakika tano za kujieleza. Majina ya dawa yabaki yalivyo. Hakuna anayehitaji kutafsiriwa metfomini.

Ugumu wa kweli uko kwingine, na afadhali niutaje mwenyewe kuliko kuuficha. Kiswahili kina mitego yake, na asiyeijua ataandika karatasi ya hatari kuliko ya Kiingereza. Chukueni maneno "mara moja". Ukiandika "Acha dawa hii mara moja ukipata upele", umesema aache bila kuchelewa. Ukiandika "Meza mara moja", msomaji mmoja ataelewa ni dozi ya safari moja kwa siku, mwingine ataelewa ameze sasa hivi. Chukueni "kutwa mara tatu", usemi tuliouzoea sote. Wateja wangu huuelewa kuwa asubuhi, mchana na jioni, mchana kweupe, kwa sababu kutwa ni tangu kupambazuka mpaka kuchwa, usiku haumo. Kwa dawa ambayo inatakiwa kupishana kwa saa 8 hadi 8, mtu humeza zote tatu ndani ya saa 12, kisha mwili unakaa usiku kucha bila kitu. Hata neno kijiko lina shida: kijiko cha chai cha nyumba hii si cha nyumba ile, na wapo wanaopima kwa kijiko cha kupakulia. Kwa sababu hiyo sipendi kazi hii ipewe mfasiri aliyekaa ofisini na kamusi, hata akiwa hodari kiasi gani. Sheria ya Ulaya niliyoitaja inataka karatasi ijaribiwe kwanza kwa watu wa aina ileile watakaoitumia: wapewe, waisome, kisha waulizwe watafanya nini. Fanyeni hivyo hapa. Waiteni wakulima, mama lishe, wazee waliosoma elimu ya watu wazima, vijana waliomaliza darasa la saba. Pale watakapokwama, karatasi ndiyo irekebishwe. Wataalamu wa Baraza la Kiswahili la Taifa wawepo, wafamasia wawepo, lakini neno la mwisho awe nalo anayemeza.

Mambo ninayoyaomba hayalingani kwa uzito wala kwa gharama, na lililo jepesi kuliko yote linaweza kufanyika mwezi huu. Baraza la Famasi litoe waraka kwa hospitali, vituo vya afya, zahanati, famasi na maduka yote ya dawa muhimu kwamba bahasha ya dawa isiandikwe tena am, pm, bd (mara mbili kwa siku), tds (mara tatu kwa siku), pc, wala kifupi chochote cha Kilatini, na kwamba saa iandikwe kwa saa ya Kiswahili pamoja na tukio la siku: saa mbili asubuhi baada ya chai, saa mbili usiku baada ya chakula. Bahasha yenyewe iwe ya mfano mmoja nchi nzima, ikiwa na mchoro wa jua linalochomoza, jua la utosini, jua linalozama na mwezi, na nafasi ya kujaza idadi ya vidonge chini ya kila mchoro. Pawe na mstari wa dawa ni ya nini, mstari wa siku ngapi, na mstari wa usichanganye na nini. Bahasha tunazinunua tayari. Tunachohitaji ni mchoro uliokubalika.

Kwa dawa zinazokatwa na kuhesabiwa, nawaomba muandae vikaratasi vya Kiswahili vya ukubwa wa kiganja, vilivyofungwa kama kitabu cha risiti, ili mtoa dawa achane kimoja na kukitia ndani ya bahasha. Si lazima kuanza na dawa zote. Anzeni na zile zinazotoka sana na zile zinazodhuru sana zikitumiwa vibaya: parasetamoli, diklofenaki, amoksilini, siprofloksasini, doksisaiklini, metronidazoli, metfomini na glibenklamidi, dawa za presha, vidonge vya uzazi wa mpango. Kwenye vikaratasi vya antibiotiki iandikwe waziwazi kwamba dawa hizo hazitibu mafua, na kwa nini nusu dozi ni hatari, maana anayeniambia nimpe rangi mbili, yaani kapsuli za antibiotiki, za shilingi 500 hajawahi kuelezwa na mtu yeyote kuhusu usugu wa vimelea. Nchi ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu huo tangu 2017. Sijaona karatasi moja ya mpango huo ambayo naweza kumpa mteja akaondoka nayo.

Kwa makasha yanayouzwa yakiwa mazima, sharti la Kiswahili liingizwe wakati wa kusajili dawa na wakati wa kuhuisha usajili, na MSD iliweke katika zabuni zake, kwa muda wa mpito unaotosha watengenezaji kumaliza karatasi walizokwisha kuchapa. Maonyo makubwa, kama lile la wajawazito na lile la kutomeza, yachapwe juu ya kasha lenyewe na juu ya stripu. Na kwa kuwa si kila mtu anasoma, na macho ya wazee huchoka, vikaratasi hivihivi visomwe redioni, kimoja kwa wiki, kwa sauti ya mtu anayesikika kama jirani.

Nina sababu nyingine ya kuomba haya, nayo inaihusu TMDA moja kwa moja. Mmetuhimiza watoa dawa na wananchi kutoa taarifa za madhara ya dawa, na fomu ya njano ninayo. Katika miaka 11 nimeijaza mara chache kuliko ninavyopaswa, kwa sababu mgonjwa hawezi kuniletea taarifa ya dhara asilojua kuwa linaweza kuletwa na dawa. Anayevimba miguu kwa dawa ya presha hudhani ametegwa njiani. Anayekohoa kikohozi kikavu cha enalaprili huja kununua dawa ya kikohozi, namuuzia, na anarudi tena. Mpaka nilipojifunza kuuliza, nami nilikuwa namuuzia tu.

Yule mzee wa metfomini nilimwandikia bahasha mpya, nikachora jua linalochomoza na mwezi kwa kalamu nyekundu, nikamwambia ameze katikati ya chakula au mara tu amalizapo, na nikamrudisha hospitalini wakampime upya. Hupita dukani kila mwezi. Kichefuchefu kiliisha, na ile bahasha bado anaitumia. Imechakaa, ameifunga kwa nailoni. Tangu wakati ule nimeandika vikaratasi vya namna hiyo kwa dawa 34, kwenye madaftari ya shule yaliyokatwa vipande, na kila kimoja nimekisomesha kwanza kwa wateja wasiopungua watano kabla sijaanza kukitoa. Vina makosa, na vingine nimeviandika upya mara nne. Vikihitajika, Baraza la Famasi au TMDA wakinitumia neno kupitia ofisi ya mfamasia wa wilaya, nitavileta mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mtoa dawa, duka la dawa muhimu
Bonde la Kilombero, Morogoro